Mkutano Usio na Mwenyekiti

Vijana wa idara ya mifugo mliobaki kazini, kwenye chakula cha kuniaga mlinisimamisha niseme maneno machache. Nikasimama, maneno yote yakanitoka kichwani, nikashukuru kwa soda nikaketi. Haya basi, nayaandika. Ya vyeo na mishahara sitayataja. Vyeo vilichelewa, na mishahara ya serikali mnaijua wenyewe. Nataka kueleza jambo moja ambalo nimestaafu nalo bila kulielewa, yaani ule mkutano wa kwenye kompyuta tulioingia kule Homa Bay miaka ya tisini. Ninyi mitandao mmeikuta, mnaingia na kutoka kama mtu anayeingia jikoni kwao. Sisi tuliingia tumevua viatu, hatujui tuketi wapi.

Nianze na siku ya kwanza. Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha huko Migori, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Ndhiwa. Dholuo, lugha ya Waluo wa pale, niliyokuwa nayo ilikuwa ya kununulia nyanya tu, kwa hiyo kazini tulielewana kwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa upande wake. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Oluoch, mtu mrefu, mkali, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilitegemea anikabidhi hadubini. Badala yake alinipeleka kwenye boma la mtu, akanisimamisha mbele ya ng'ombe.

"Umeona nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe hata mtoto anaona. Angalia tena."

Tulikaa pale mpaka jua likanipiga kisogo. Mwishowe nikaona manyoya yamesimama, jicho linatoa machozi, na mnyama anatembea nyuma ya wenzake kama aliyesahau kitu. Hapo ndipo Bwana Oluoch akaniruhusu kutoa damu sikioni. Ile ilikuwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na bonde la Lambwe lilikuwa nao wa kutosha na wa kuazima. Hadubini yetu ilisimama kwa msaada wa kiberiti kilichowekwa chini ya mguu mmoja. Ile mashine ya kuzungusha mirija ya damu tuliizungusha kwa mkono, na kijana wa siku hizi angeiona angedhani ni ya kusaga njugu.

Tulikuwa pia na mitego, vitambaa vya buluu na vyeusi tulivyotundika vichakani pamoja na chupa ya mkojo wa ng'ombe, kwa sababu mbung'o hupenda rangi hiyo na harufu hiyo. Mbung'o hawakuwa peke yao katika kuipenda buluu. Baada ya miezi michache watoto wa shule walianza kuonekana na kaptula za buluu, hata wa shule zenye sare ya kijani.

Bwana Oluoch alinifundisha na utaratibu wa ofisi. Kila barua ilipita kwa mkubwa, mkubwa akaipitisha kwa mkubwa wake, na jibu likarudi kwa njia ile ile, kama liliwahi kurudi. Juu ya kila barua uliandika "Kupitia kwa". "Barua isiyopitia kwa mtu," alikuwa akisema, "ni barua ya mapenzi." Niliamini hivyo kwa dhati. Nilipenda kujua nani yuko juu ya nani, na bado napenda.

Basi mkinielewa hapo mtaelewa nilivyochanganyikiwa baadaye. Katikati ya miaka hiyo ya tisini mradi mmoja wa mbung'o ulileta kompyuta ofisi ya Homa Bay, ikawekwa chini ya Akinyi, karani msichana wa Oyugis aliyekuwa amepelekwa Nairobi kufundishwa. Mimi nilikuwa nakuja kutoka Ndhiwa na taarifa za mwezi, nikamkuta anatoa karatasi ndefu zenye vitundu pembeni, zimejaa maneno ya watu. Mmoja yuko Zambia, mwingine Ethiopia, mwingine chuo cha Ulaya, mwingine ng'ambo ya mpaka wetu huko Tanzania. Wote wanabishana juu ya mbung'o.

"Hawa ni kina nani?" nikamuuliza.

"Ni watu tu wa kazi kama yenu. Mtu anaandika swali, wengine wanajibu, kila mtu anasoma yote."

"Makao makuu yao yako wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna, au hayajulikani?"

"Hakuna, Bwana Mwita. Kila mashine inakaa na nakala yake. Yetu inapigia ya Nairobi simu, zinapeana mpya. Ya Nairobi inapigia ingine, hivyo hivyo mpaka ifike kwa wote."

"Na anayeamua ni nani?"

Akaniangalia. "Kuamua nini?"

Nilimpelekea Bwana Oluoch habari hizo, akaweka kalamu chini. Mkumbuke miaka ile. Kukusanya watu bila kibali cha D.O., mkuu wa tarafa, kulikuwa njia fupi ya kulala ndani, na upande wetu wa nchi haukuwa unapendwa sana na waliokuwa juu. "Watu wa nchi nyingi, wanaongea, na hakuna chairman?" akasema. "Huo si mkutano, ni njama. Wamechukua kibali?" Nikamweleza kwamba hawajakutana mahali popote. "Basi si mkutano." Nikasema lakini wanaongea. Akafikiri sana, kisha akaamua kwamba mtu yeyote akiuliza tutamwambia ile ni taipureta. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Yeye aliona hiki hakina hata mmoja na bado kinakwenda, na hilo lilimsumbua zaidi.

Kuhusu simu yenyewe, mjue ilipitia kwa opereta. Akinyi aliomba laini, opereta akaunganisha, kisha modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ikaanza kulia kama nguruwe aliyekanyagwa. Opereta, kwa wema wake, aliingia kati kuuliza, "Mnaendelea?" Kila alipouliza, barua zote zilikatika, zikaanza upya. Akinyi alimwendea na ndizi za Oyugis akamweleza kwamba zile kelele ndizo mazungumzo. Yule mama akakubali kutosikiliza, ingawa alisema ametuonea huruma.

Sasa nifike kwa Mama Peres. Alikuwa mjane upande wa Ndhiwa unaoelekea Lambwe, na mali yake ilikuwa maksai wawili wa kulima, mweusi akiitwa Rateng' na wa rangi ya udongo akiitwa Rabuor. Pale kwao majirani walilima kwa kushirikiana. Mmoja alileta plau, mwingine vijana wa kushika nira, Mama Peres akaleta ng'ombe, wakazunguka shamba hadi shamba. Asiye na cha kuleta alilimiwa mwisho, mvua ikiwa imeshakwenda, na watoto wake wakala alichopata. Ng'ombe wale ndio waliomweka Mama Peres kwenye zamu.

Na ng'ombe wale walikuwa wagonjwa. Niliwadunga ile dawa ya njano, wakapata nafuu, wakarudi chini. Nikawadunga tena, wakarudi chini tena. Mvua ilikuwa inakaribia. Niliandika barua kupitia kwa Bwana Oluoch, kupitia kwa mkubwa wake, na nikajua kabisa kwamba jibu litakapofika tutakuwa tunavuna, au hatuvuni.

Mama Peres ndiye aliyenisukuma. "Daktari, kama hujui, uliza. Kuuliza si ujinga. Mimi sina ng'ombe ingine."

Basi nikaenda Homa Bay nikaketi karibu na Akinyi. Niliandika kwa Kiingereza cha serikali. Niliwasalimu wote, nikaeleza jina langu, kwetu, na kituo changu, nikaomba radhi kwa kuingia kikao kikiendelea, nikamalizia kwa kumwomba Mwenyekiti anipe nafasi ya kuzungumza. Kwenye baraza ndivyo ilivyo. Huwezi kuinuka tu ukaanza kulia juu ya ng'ombe. Unainua mkono, unangoja.

Nikangoja. Nilirudi wiki iliyofuata, Akinyi akanichapia karatasi, nikatafuta jina langu. Wawili walikuwa wanagombana vibaya kuhusu ni buluu ipi mbung'o huipenda zaidi, wakaitana majina ambayo sikuyategemea kwa watu wenye digrii. Kuhusu mimi, kimya. Nikarudi wiki nyingine, kimya. Niliona nimedharauliwa, tena kwa makusudi, na nikamwambia Akinyi hivyo.

"Kwani uliuliza nini?"

"Niliomba nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kuongea."

"Lakini ulikuwa ushaongea." Akashika kichwa. "Bwana Mwita, hakuna mtu wa kukupatia nafasi. Watu wamekusoma wakafikiri unasalimia. Sema shida yako."

Moyo uliniuma kwa ajili ya Mama Peres, kwa maana wiki zile zilikuwa zake. Nikaandika palepale bila salamu hata moja, nikijihisi kama niliyeingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Ng'ombe wawili wa kulima, Ndhiwa, dawa ya njano mara mbili, ugonjwa umerudi, mvua inakuja, nifanye nini.

Majibu yakaja mengi kuliko nilivyotaka. Bwana wa Zambia alisema niache dawa ya njano, nitumie ile nyekundu. Wa Ethiopia alisema dawa haina neno; sisi watu wa mashambani hukisia uzito wa ng'ombe kwa macho na kudunga kidogo, nipime kifua chake kwa utepe. Wa chuo cha Ulaya alisema nisidunge kitu hadi damu ipimwe maabara, akataja na maabara, iliyokuwa Ulaya. Yule wa Tanzania hakujibu. Aliuliza: ng'ombe hao walilima lini mara ya mwisho, na siku ya sindano walipumzika au walirudishwa kwenye nira? Kisha wale wa buluu wakaingia na kuendelea na ugomvi wao ndani ya swali langu.

Mimi ni mtu wa waraka kutoka makao makuu. Waraka mmoja, sahihi moja, mhuri. Hapa nilikuwa na majibu manne yanayopingana, kila moja la mtu mwenye akili, na hakuna wa kugonga meza aseme imeamuliwa. Nikaandika tena nikiomba mwongozo wa Mwenyekiti. Watatu wakanijibu kwamba hayupo. Wa Ethiopia akaongeza kwamba hata akiwepo hatamsikiliza.

"Sasa nifuate nani?" nikamuuliza Akinyi, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Ng'ombe ni ya nani?" akasema.

Nilichukua zile karatasi zenye vitundu nikaenda nazo kwa Mama Peres. Nikamsomea moja moja, nikizigeuza Kiswahili, na pale Kiswahili kilipotukwamia sote Peres binti yake akatafsiri. Alisikiliza akipepeta mtama. Kila jibu lilipokwisha aliuliza kitu kilekile: "Huyu ana ng'ombe yake mwenyewe?" Nikasema sijui. Tulipofika kwa yule wa Tanzania akaacha kupepeta.

"Huyo anauliza kabla ya kusema," akasema. "Mwambie ukweli. Siku ya sindano walilima. Na kesho yake. Zamu ilikuwa ya jirani, ningekataa vipi?"

"Akisema wapumzike?"

"Mvua ikija wakiwa wamelala, nitatolewa kwenye zamu."

Akarudi kupepeta. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kumwamulia, na nilikuwa nasema kweli, nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko yeye. Ndipo akaamua. Ng'ombe watalala. Lakini kwa kuwa hatujui aliye sahihi, nifanye na yale mengine yote yasiyohitaji ndege. Nikaazima utepe wa fundi cherehani sokoni Ndhiwa, nikapima vifua vyao. Uzito ulikuwa karibu uleule aliokuwa ameukisia Bwana Oluoch kwa macho. Nikawadunga dawa nyekundu. Mvua ikaja, majirani wakanuna, wakalima kwa ng'ombe wa mtu mwingine. Mama Peres na Peres wakachukua majembe wakalima kwa mkono kipande kidogo karibu na nyumba. Nilipopita kwenye barabara ile niligeuza uso, niliwaonea huruma.

Rateng' alikufa. Alianguka asubuhi moja na hakuinuka. Rabuor alisimama, manyoya yakalala, akaanza kutembea mbele ya wenzake. Walipewa dawa ileile, pumziko lilelile, majani yaleyale. Mama Peres akaunganisha Rabuor na ng'ombe wa jirani aliyekuwa naye mmoja tu, na kwa hilo akarudi kwenye zamu, na msimu wa mvua fupi shamba lake likalimwa la pili. Dawa nyekundu ndiyo iliyomponya, au ni pumziko? Na kwa nini si Rateng'? Sijui, vijana. Ningefanya moja moja ningejua, lakini nisingekuwa na ng'ombe wa kumfanyia.

Niliandika yote hayo kwenye mkutano, pamoja na kifo, maana niliona ni adabu aliyeuliza kurudi na kusema yaliyotokea. Wengi hawarudi. Ikiwa kuna ushauri mmoja nitakaowaachia kuhusu mitandao yenu, ni huo: soma kwanza, uliza kitu kimoja, taja mnyama na mahali, kisha urudi. Walituma pole kwa ajili ya Rateng' kama kwa mtu aliyefiwa. Hata wale wa buluu walisimama kidogo.

Lakini Mama Peres hakuwa ametosheka. "Watu wameongea juu ya ng'ombe yangu mpaka imesimama," akaniambia, "na hawajakula kitu kwangu. Hiyo ni aibu yangu, si yao. Nina kuku hapa. Sasa wakija, firigisi nitampa nani?"

Mnajua firigisi si ya kila mtu. Kuku akichinjwa, firigisi huenda kwa mwenye heshima pale mezani, na ukimpa asiyestahili umewatukana waliobaki. Nikamweleza tena kwamba hawana mkubwa. Akakataa kuelewa, nami sikuwa na haki ya kumlaumu. Nikawaandikia swali lake. Nadhani hakuna swali lililowahi kuleta majibu mengi kiasi hicho. Wa Tanzania alisema iwe yake kwa kuwa aliuliza vizuri. Wa Zambia akasema dawa nyekundu ndiyo iliyofanya kazi. Wa Ulaya akasema ushahidi hautoshi. Wa Ethiopia akapendekeza ikatwe vipande sawa, na hapo wakaanza kugombana firigisi hukatwaje. Mama Peres aliposomewa alicheka mpaka akaketi chini, lakini kuku aliendelea kumtenga. Yule akizeeka, alitenga mwingine. Peres aliwaita kuku wa mkutano, na mgeni wa kawaida hakuwagusa.

Kisha radi ikapiga, ikafuata waya wa simu mpaka ndani ya ofisi, ikaunguza modemu na nusu ya kompyuta. Mradi ulikuwa umefika mwisho wake, hakuna aliyeleta nyingine. Akinyi akahamishwa, Bwana Oluoch akastaafu na kalamu zake tatu, na mimi nikaamini kwamba mkutano umekufa. Kwetu ulikuwa umekufa kweli. Nilijikuta nautamani, nikashangaa, kwa sababu ulikuwa umenisumbua sana.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaisha tulikuwa na semina Homa Bay, na mmoja wa wageni alikuwa Bwana Phiri wa Zambia, kijana mnene, mpole, wa idara kama yetu. Wakati wa chai alisoma jina langu kifuani, akalisoma tena.

"Mwita wa Ndhiwa?" akasema. "Rabuor anaendeleaje?"

Nilimwaga chai. Rabuor alikuwa hai, amestaafu kabla yangu. Nikampeleka Bwana Phiri Ndhiwa siku ileile semina ilipofungwa, na njiani nikawa na furaha ya kitoto, kwamba hatimaye nampelekea Mama Peres mmoja wao. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama Peres alimketisha, akamwangalia vizuri. Kisha akaanza kumhoji, nami nikitafsiri.

"Wewe ndiye yule wa dawa nyekundu?"

"Hapana. Yule alikuwa mkubwa wangu. Mashine ilikuwa ofisini kwake."

"Wewe ulisema nini?"

Bwana Phiri akatazama viatu vyake. "Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni kazini. Nilisoma yote kila wiki, habari za Rateng' zilinihuzunisha nikaandika pole, lakini sikuituma. Nilikuwa nangoja mtu anipe nafasi."

Niliona aibu kwa niaba yake, na nikajua aibu hiyo ni ya nani. Nikajaribu kumtetea kwa Mama Peres, kwamba mambo yale yalikuwa magumu kwa mtu aliyelelewa na adabu, kwamba hata mimi nilikaa wiki mbili nzima mkono umeinuliwa. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Muulize. Alisikiliza mpaka mwisho?"

Nikamuuliza. Akasema mpaka mwisho, pamoja na ugomvi wa firigisi.

Mama Peres akamwita Peres, na kuku wa mkutano akakamatwa. Chakula kilipokuja, ugali ukiwa bado unatoa moshi, nilikuwa nawaza ile firigisi atampa nani. Mimi niliyeuliza, au Peres aliyelima kwa mkono. Akaichukua kwa vidole vyake, akaiweka mbele ya Bwana Phiri.

"Chairman hayuko," akasema. "Kula wewe."